Magongo Yaliyomzidi Scola

Kila asubuhi Scola aliondoka nyumbani kwao Mandewa mapema, ili wenzake wasimpite wote njiani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mguu wake wa kulia ulikatwa mwaka uliotangulia, baada ya kuumwa na nyoka shambani. Tangu hapo alitembelea magongo aliyoachiwa na babu yake.

Jumatatu moja makwapa yalikuwa yamechubuka, mikono imekufa ganzi. Hakufika shuleni. Alijificha nyuma ya majabali mpaka wenzake walipotoka.

"Mmesoma nini leo?" mama yake aliuliza.

"Hesabu, mama."

Alidanganya hivyo siku nne. Siku ya tano mwalimu alikuja nyumbani kuuliza kwa nini Scola haonekani shuleni. Mama hakumpiga binti yake. Aliketi chini, mikono imejaa unga wa mtama, akasema, "Nimechoka, mwanangu. Sijui nifanye nini." Scola aliona afadhali angepigwa.

Kesho yake mama alimpeleka sokoni kwa Kristina, fundi cherehani aliyerekebisha nguo za mitumba, ambazo miaka ile zilianza kujaa mjini. Kristina alipooza miguu utotoni, naye alitembelea magongo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu simama." Alimtazama. "Haya ni ya mtu mzima! Unaning'inia kama nguo kwenye kamba. Mbona hukusema?"

"Nilidhani wote wenye magongo huumia hivi."

"Hata mimi nilidhani hivyo, miaka miwili mizima. Hakuna aliyeniambia."

Kristina aliazima msumeno kwa seremala jirani, wakayapunguza magongo urefu, kisha akayazungushia matambara juu. "Uzito uweke viganjani, siyo kwapani," alimwelekeza. Scola alijaribu mpaka jua likawa kali. Viganja vilimuuma, lakini makwapa yalipumua.

Jumatatu alifika shuleni kengele imeshalia, akamweleza mwalimu ukweli wote.

Jumamosi jioni alirudi sokoni. Watu watano wenye ulemavu walikuwa wameketi kibandani kwa Kristina, kama kila wiki, wakielezana ya kwao. Scola alisimulia yake, hata uongo wake.

"Kuchoka si kosa," Kristina alimwambia. "Sote hapa tumechoka. Kosa lilikuwa kumficha mama yako. Ukisema, atapatikana aliyewahi kuumia palepale unapoumia wewe. Haya, sogea, mpishe mzee Ignas akae. Naye ana lake."