Mteremko wa Muda

Senene waliokaangwa walianza kubadilika rangi ndani ya mashine. Mafuta yaliwatoka, kahawia ikawa kijani, na mabawa yaliyonyofolewa na kuachwa pembeni mwa sinia yakajibandika mahali pake. Mmoja akaruka.

“Daktari, chakula cha mchana kinatutoroka!” Byera, fundi mitambo, alipiga kelele huku akiwafukuza kwa kofia.

Dkt. Kokubanza hakucheka. Alimgeukia mama yake, Nyakato, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu akipumua kwa shida. Hospitali zote za Bukoba zilikuwa zimeshindwa na mapafu yake.

“Mama, mbali na urefu, upana na kimo, kuna upande mwingine uliojikunja hata hauonekani. Upande huo umeinama kama paa, ndiyo maana muda huteleza kwenda mbele tu. Mashine hii, kipindamuda, inaugeuza mteremko.”

“Kumbe ni mteremko. Mimi nilidhani ni Mungu.”

“Labda ndiye aliyeuinamisha.”

Nyakato alitabasamu. “Sasa utanirudisha wapi?”

“Kabla mapafu hayajaanza kuharibika. Utatoka humo mzima.”

“Na kichwa changu?”

“Nacho kitarudi. Ya baadaye hutayakumbuka.”

“Wakati huo Rweyongeza alikuwa hai.”

Kokubanza aliinamisha macho. Mdogo wake huyo alikuwa amekufa katika ajali ya treni ya angani, miezi michache baada ya mama kuanza kukohoa.

“Nikitoka humo nitauliza mwanangu yuko wapi. Nani ataniambia?”

“Mimi, Mama.”

“Uliniambia mara moja, Koku. Ulishindwa kumaliza, nikamalizia mimi. Nimelia, nimemzika, nimezoea kupika ndizi chache. Kazi hiyo imenichosha. Siianzi upya.”

“Lakini utakufa!”

“Najua, mwanangu. Nitakufa nikijua watoto wangu wako wapi.”

Kokubanza aliitazama mashine. Alikuwa ameupima mteremko ule kwa miaka mingi, wala hakuwahi kujiuliza anayeushuka amebeba nini.

“Byera,” alisema, “zima.”

Mngurumo ulikoma. Nyakato alinyoosha miguu yake iliyovimba. “Nivalishe viatu, twende nyumbani.”

Kokubanza alipiga magoti mbele yake. Alichelewa sana kufunga kamba, na mama yake hakumharakisha.