Jiwe la Mpaka, Hayes

Nasim hakani: aliiba. Wiki ya pili tangu yeye na bintiye wafike Hayes, pembezoni mwa London, kutoka Mombasa, mwaka wa sitini na nane, aling'oa jiwe bapa mwisho wa ua wa nyumba waliyopanga, akalisugua, akalitumia kugandamizia achari ya ndimu. Hakumuuliza mtu.

Achari ikaanza kunuka sufu iliyolowa mvua. Kisha, kila adhuhuri, kuta zikawa zachapwa fimbo kwa nje, pwa, pwa, kuzunguka nyumba nzima. Ukichungulia, hapana mtu.

Jirani yake Jennifer, mpiga deki wa kanisani, alipoliona jiwe alishika mdomo. Kabla London haijapameza, alisema, hapa palikuwa kijiji, na hilo ndilo jiwe la mpaka wa parokia. Kila mwaka wanaume waliuzunguka wakiuchapa kwa fimbo. Wakimkuta maskini mwenye mimba, humswaga mpaka avuke jiwe; mtoto akizaliwa ndani, parokia italazimika kumlisha. Mmoja alijifungulia kwenye theluji, akafa.

"Jina lake nani?"

"Halikuandikwa, Nasim."

Nasim akasonya. "Miaka yote hiyo ya kijiji, kazi yao kukimbizana na tumbo la mwanamke! Hata mashetani yao ni makarani."

Ijumaa kicheko kilimkauka. Bintiye Suad, mwenye mimba ya miezi minane, hakuwamo jikoni, Nasim akatoka mbio akamkuta uani, miguu mitupu kwenye barafu, anakwenda kama ng'ombe anayeswagwa, gauni likichapwa mgongoni na kitu kisichoonekana, pwa, pwa, midomo imembadilika rangi, ananong'ona, "Mama, wanasema nisizalie kwao."

Akaitwa Maalim Mwadini, Mpemba mfagiaji wa uwanja wa ndege. Akamsomea Suad, akamnywesha kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya. "Rudisha cha watu, bibi."

Nasim akalirudisha jiwe, akaomba toba kwa Mola wake. Halafu akalikanyaga. "Wizi wangu nimeutubia. Nyinyi wenu je? Huyu atazaliwa humu humu, na tonge lenu hatuli!"

Suad akajifungua mle jikoni, mtoto wa kike. Fimbo zikanyamaza. Lakini mtoto akilia, kitanda chake hubembea chenyewe, na sauti ya kike, ya baridi, humwimbia kwa Kiingereza cha kale.

"Nimtoe na huyu anayeimba?" akauliza Maalim alipoitwa tena.

"Muache," Nasim alinong'ona. "Keshafukuzwa vya kutosha."

Nawe unayesikiliza, nakuomba: mwombee dua huyo asiyeandikwa jina.