Weka Iy'ejo

Saa moja na nusu asubuhi, Magarama, Gitega

Chumba cha nyuma ya duka la betri la Emiliana. Watu wanne. Othmani, mkubwa wao, mtu wa Uvira, anamenya yai la kuchemsha polepole kama mtu asiye na dhambi.

"Kastori, rudilia tena. Mi siko musomi."

Kastori akaweka laptopu juu ya gunia la maharage. "Mwezi jana waliniita Muyinga kutengeneza kompyuta ya ofisi, ile inayoandika mashamba. Nikainakili nzima nzima. Sasa inaishi humu ndani ya laptopu yangu. Kompyuta ndani ya kompyuta. Yenyewe inajidhania iko ofisini."

"Kama mimba," akasema Moïse, dereva.

"Na leo inazaliwa. Disk yao ina lakiri, huwezi kuichomoa. Kwa hiyo naimwaga kwenye kipande kimoja cha disk hiyohiyo, halafu naifundisha kuamka pale, na ya zamani naifuta. Dakika arobaini."

Othmani akafuta mdomo. "Mashamba kumi na mbili ya kule Mwakiro inahama jina, inakuja kwangu. Ya mzee wako inabaki yake peke. Nilisema, nimesema."

Hapo ndipo Kastori alipofungwa, jamani. Si tamaa. Baba yake, mzee Audax, alikaa kambi ya wakimbizi Kigoma miaka hata hesabu ilimpotea. Kurudi Mwakiro, akakuta mtu analima juu ya kaburi la mama yake. Wakubwa wakagawa: nusu yako, nusu yake. Tangu siku ile mzee akila, anakula kama anayesikiliza mlango. Kastori alitaka aone jina moja tu kwenye karatasi ile, basi.

Kwenye disk yake ya mkononi kulikuwa na mashini mbili, nakala za ile kompyuta. Moja ya jana, kama ilivyotoka ofisini, ya akiba. Moja ya kesho, yenye majina mapya. Majina aliandika Othmani mwenyewe, kwa kidole kimoja. Kastori hakuangalia. Mtu mliyekula naye sahani moja, unampekuaje?

Saa sita na dakika kumi, Muyinga

Watu wa ofisi wameenda kula. Moïse amemchukua mlinzi kwenye urwarwa, pombe ya ndizi. Kastori peke yake mbele ya kompyuta. Simu ikalia. Emiliana, mwenye duka la betri, mwanamke wa Bukirasazi. Nyuma yake Othmani anakohoa.

"Kastori. Shiramwo iy'ejo."

"Niweke ya ejo?"

"Iy'ejo. Urumvise, umenisikia?"

Akacheka. Dada huyu anamfundisha kazi. "Ndiyo hiyo naweka."

Emiliana akamwombea ulinzi wa Mungu: "Imana ikuzigame." Simu ikakatika.

Akaimwaga ya kesho.

Saa saba kasoro dakika tano

Kuwasha, kioo cheusi. Mashini ilikuwa inatafuta disk yake ya zamani, ile ya kuota tu. Akaipa namba ya kipande kipya. Ikaamka. Jasho likamtoka kwa furaha. Akaandika Mwakiro, ili aone jina la baba yake.

Halikuwepo. Nusu zote mbili: Othmani.

Akapiga simu. Emiliana alikuwa barabarani, anahema.

"Niliona asubuhi hii karatasi yake ya majina," akasema. "Wakati nakupigia, Othmani alikuwa amekaa karibu yangu. Ningesemaje? Nikakwambia iy'ejo."

"Nimeweka ya kesho."

"Ejo, Kastori. Ya jana." Sauti ikamvunjika. "Nilitaka yeye asikie kesho. We usikie jana."

Kwa Kirundi ejo ni jana, na ejo ni kesho. Unajua kwa neno linalofuata. Aliyelelewa Burundi angeuliza, ejo ipi? Kastori Kirundi chake kilikuwa cha kambini, cha kusalimia na kuzika.

Saa saba na dakika kumi

Moïse dirishani. "Chef wa ofisi iko anarudi. Toka sasa."

"Nenda."

"We ni mjinga? Mi niko nakuacha."

"Nenda, ndugu yangu."

Gari likaondoka. Kastori akachomeka tena disk ya mkononi, akaanza kuimwaga ya jana. Kumi kwa mia. Ishirini na tano. Nusu ya shamba ni shamba, alikuwa anajisemea. Arobaini.

Walipoingia hakukimbia. Aliinua mikono, akasema, "Nifungeni. Lakini muiache imalize, nawaomba. Msiguse waya."

Chef akachomoa waya. Ya kesho ilikuwa imeshafutika, ya jana haijaisha kuingia.

Jumanne, mahabusu ya Muyinga

Mzee Audax alikuja kwa miguu kutoka Mwakiro, na maharage kwenye kopo. Hakumgombeza. Alikaa chini, akamwangalia anavyokula.

"Nilienda ofisini," akasema. "Wameniambia shamba langu halijaandikwa popote. Wala langu, wala la yule tuliyegawana."

Kastori akaacha kula.

"Mvua imeshanyesha mara mbili, mwanangu. Watu wote wamepanda. Nilitaka nikuulize we uliyesoma: nipande, au nisipande?"