Bwana Chafya na Chakula Kisichoshuka

Kila mchana fundi cherehani aliacha mashine yake, akapakua chakula, akakaa kumtazama mumewe akila. Na kila mchana alikasirika.

Mumewe alikuwa seremala. Mtaani walimwita Bwana Chafya, maana alipiga chafya kutwa nzima. Watu walisema ni vumbi la mbao. Mezani alikuwa wa mwisho kumaliza. Tonge dogo, maji. Tonge jingine, maji. Nyama aliikatakata, kisha akaiacha.

"Chakula changu kina miiba?" mkewe aliuliza.

"Kinapita polepole, mama watoto. Ndivyo nilivyo."

"Ndivyo ulivyo, au umeshashiba kwingine?"

Seremala alisukuma sahani, akatoka bila kuaga. Kwa kuwa alikuwa anakonda, mkewe alizidi kumtilia maziwa kwenye uji, kwenye chai, hata kwenye mchuzi. Apende asipende, atanenepa!

Jumapili moja shemeji yake, mdogo wa seremala, alikuja kula.

"Kaka, hata kibogoyo angekuwa amemaliza!" alicheka.

Seremala aliona aibu. Akatia pande kubwa la nyama mdomoni, akameza haraka. Likakwama kifuani. Alipumua, lakini hata mate hayakushuka.

"Mpe maji!" shemeji alisema.

"Maji yanarudi, huoni?" mke alifoka. "Tafuta gari!"

Hospitalini daktari aliitoa nyama kwa mpira mwembamba wenye kamera. Akachukua na vipande vidogo vya umio, lile bomba la kupitishia chakula, akavipeleka maabara. Majibu yalipotoka, aliwaita wote wawili.

"Baba, una pumu? Ngozi inakuwasha? Unapiga chafya mara kwa mara?"

Mke hakuvumilia. "Daktari, tumekuja na koo, wewe unauliza pua!"

"Huenda chanzo ni kimoja, mama. Ni mzio, yaani aleji. Mwili unapigana na kitu kisicho adui. Puani unapigana na vumbi. Kwenye umio, mara nyingi unapigana na chakula. Umio unavimba na kubana."

"Chakula gani?"

"Mara nyingi ni maziwa au ngano. Tutaanza kwa kuacha maziwa, kisha tutautazama umio tena. Dawa pia zipo. Lakini msiache vyakula ovyo kwa kubahatisha."

Maziwa! Hasira ya mke ikamgeukia mwenyewe.

"Nimemlisha ugonjwa kwa mkono wangu!"

"Hukujua, mama."

"Ningejuaje? Nilimuuliza kwa kelele, jibu lake sikulisikiliza."

Maziwa yaliachwa. Kipimo cha pili kilionyesha uvimbe umepungua sana. Lakini shemeji alipokuja tena, ulimi wake ulikuwa uleule.

"Leo nilete godoro, nimsubiri nikiwa nimelala?"

Mke alipiga meza kwa mwiko. "Koma! Huyu alikuwa anaumwa, na sisi tukamcheka! Chakula kikimkwama mtu mara kwa mara, apelekwe kwa daktari. Hilo hukulijua, na mimi sikulijua, basi tunyamaze!"

Seremala alikuwa anatafuna. Akameza, kisha akasogeza sahani tupu mbele.

"Mama watoto, niongeze nyama."

Akampakulia pande kubwa, machozi yakimtoka, hasira bado imempanda.