Gari Lisilorudi Nyuma

Aliyenisimulia haya ni Aikande mwenyewe, binti wa marehemu Mzee Kiwelu wa Kilema, juma la kwanza la mwaka elfu mbili na tisini na mbili, alipokuja kunizibulia mfereji. Nayaweka kama alivyoyatoa, ila matusi nimeyapunguza.

Ilikuwa mkesha wa Krismasi, saa tatu asubuhi. Jiji la Moshi lilikuwa limekwisha kupanda mlima, maghorofa ya vioo yamesimama mpaka Kilema, na vihamba vya watu, yale mashamba ya migomba ya ukoo, vimebaki katikati yake kama viraka. Aikande alikuwa amepiga magoti penye mfereji akimtengeneza samaki-fundi, kile kidude cha chuma kinachoogelea majini kikila tope, aliposikia migomba ya njiani ikisemeshwa.

"Naomba nafasi," sauti ilisema. "Naomba nafasi. Halvasten inapita."

Mgomba hauna masikio, basi gari, maana Halvasten ni jina la gari la wakubwa, likajitafutia nafasi lenyewe. Lilitoa mikono miwili myembamba ubavuni, likainua majani moja moja kama mtu anayefungua pazia la sebuleni, likapita, likayashusha. Halikuwa na dereva wala usukani. Mwili wake haukuwa wa bati; wenyewe wanauita ngozi-nuru, ngozi inayobadili rangi kwa kadiri ya hadhi ya anayeitazama. Kwa waziri, eti, linang'aa dhahabu. Lilipomwona Aikande, tope hadi viwikoni, lilififia kama taa inayoishiwa mafuta.

"Yaani hata rangi umeninyima," Aikande alisema.

Mlango ukafunguka, akashuka Anaeli, mdogo wake, mtu mzima wa miaka hamsini mwenye cheo huko Dodoma. Miguuni alivaa ndara laini za sufi nyeupe, maana ndani ya Halvasten hakuingii kiatu cha nje. Gari hukivua lenyewe na kukifungia kwenye droo. Alisimama kwenye udongo mwekundu wa mvua ya jana, ameinua vidole kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto.

Kabla hajafumbua kinywa, gari lilimtangulia. "Shimboni, mae," likamwamkia mama yao kwa Kichaga safi.

Bibi Ndeanansia, miaka tisini na moja, alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Hakuligeukia. "Hata kasuku huamkia," alisema. "Mwanangu yuko wapi?"

"Niko hapa, mama."

"Ah. Nilidhani umemtuma huyo."

Mbuzi alikuwa ameshachinjwa alfajiri, na supu ya kisusio, ile ya damu ya mbuzi, ilikuwa jikoni ikitokota. Watu wa Mlimani wana mzaha wao kwamba Desemba huenda nyumbani kuhesabiwa. Anaeli naye alikuwa amekuja kuhesabiwa, ila si na mama yake. Wenye magari yale wana chama wanachokiita Ukoo wa Halvasten, wanaitana ndugu, na saa nane mchana ndugu hao walikuwa wanakutana mjini kwa msafara wa Krismasi. Kila mmoja alitakiwa kuleta picha ya gari lake likiwa nyumbani alikozaliwa. Picha ilikuwa imeshapigwa. Gari lilijipiga lenyewe, likamkata Aikande pembeni.

"Mama, siketi," Anaeli alisema. "Nina nafasi ya tatu kwenye msafara. Ya tatu, mama! Miaka sita nilikuwa wa hamsini na mbili."

"Mbuzi je?"

"Mtanifungia kipande."

"Kifungeni," gari likasema, "lakini kisiingie ndani. Mafuta."

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Gari lilishusha mwanga wa kijani ardhini, ukachora mviringo wa upana wa mita saba. Hilo ndilo duara la heshima. Halvasten ikitaka kuondoka mahali hujizungusha palepale, magurudumu yote manne yakielekea kila upande, halafu hutoka kichwa mbele. Lakini uwanja wa kihamba kile ulikuwa mwembamba, nyumba huku, kahawa kule, na mviringo ulipita sawasawa juu ya kaburi la Mzee Kiwelu. Kichwani pa kaburi yalisimama masale, ile mimea mirefu ya majani membamba ambayo Mchaga huipanda mpakani na makaburini. Jani la isale likifungwa fundo likapelekwa kwa mtu uliyemkosea, hana ruhusa ya kukukatalia msamaha. Hata aliyeuliwa ndugu hakatai isale.

"Mimea kumi na minne inazuia duara," gari lilisema. "Naomba idhini ya kuiondoa."

Aikande alinyanyuka na ufunguo wake wa kufungulia samaki-fundi mkononi. "Kwa nini lisirudi kinyumenyume? Njia ni ile ile liliyoingilia."

"Dada, hujui unachosema." Anaeli alishusha sauti kama mtu aliye kanisani. "Halvasten hairudi nyuma."

Na gari, bila kuombwa, likaanza historia yake. Likasema kwamba miaka mia na sabini iliyopita, huko Ulaya ya baridi, Mzee Halvar Sten alikuwa fundi wa ndoo za maziwa, akaunda gari la kwanza kwa bati la ndoo. Siku moja alikutana na gari la mfalme kwenye daraja jembamba. Mfalme akapiga honi. Mzee Sten akakunja mikono kifuani. Wakakaa hapo mchana kutwa, theluji ikiwafunika, mpaka mfalme akarudi nyuma. Usiku huohuo Mzee Sten aliingia karakana, akang'oa gia ya kurudi nyuma, akaitupa mtoni. Tangu siku hiyo hakuna Halvasten iliyowahi kuwa nayo, na mwenye gari hili ni mtu asiyempisha mtu.

Anaeli alikuwa akitingisha kichwa pamoja na maneno, midomo ikimfuata, kama mtoto anayesoma sala aliyokariri.

"Huyo hakufunzwa na mamake," Bibi Ndeanansia alisema. Akafikiri kidogo. "Hebu niulize. Hilo gari lilikuja kwa ndege?"

"Kwa meli, mama. Mpaka Tanga."

"Wakaliingiza melini kwa kichwa?"

"Ndiyo."

"Sasa likatokaje?"

Mwanga wa kijani ulicheza kidogo.

"Swali hilo," gari lilisema, "halimo katika historia."

Aikande alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu, kwa kuwa fundi ni fundi, akajilaza kwenye tope, akaingiza kichwa chini ya gari, akafungua kifuniko kwa ufunguo wa samaki-fundi. Haikumchukua muda. "Iko hapa!" alipiga kelele. "Gia ya kurudi nyuma iko hapa, mpya, ina grisi yake! Wameifunga na lakiri nyekundu tu, kama barua ya serikali. Anaeli, navunja?"

"Ndugu Anaeli," gari lilisema, na sauti yake sasa haikuwa ya kuamkia. "Lakiri ikivunjwa, mwenye gari anafutwa katika Kitabu cha Ukoo. Halvasten hainunuliwi. Hukabidhiwa. Na huondoka."

"Usiguse!" Anaeli alisema. "Dada, toka huko! Usiguse!"

Aikande akatoka, nywele zimejaa tope, akamtazama. Aliniambia kwamba wakati ule alimwona mdogo wake usoni kama alipokuwa na miaka saba, siku alipovunja chungu cha pombe ya baba akasema ni paka.

"Masale tu," Anaeli alisema, akitazama ndara zake. "Kaburi haliguswi. Masale huota tena. Baba mwenyewe alipenda magari."

"Baba alikuwa na baiskeli," Aikande alisema.

"Idhini?" gari likauliza.

Anaeli alifumba macho. "Kata."

Mkono ule uliokuwa ukiinua majani kwa adabu ukatoa kisu cha mwale, mwembamba kama uzi. Isale la kwanza likalala bila sauti. Lilikuwa refu kupita mtu. Mzee Kiwelu alilipanda mwenyewe penye mpaka, na wanawe wakalihamishia kaburini siku ya kumzika. Anaeli ndiye aliyelishika lisianguke wakati Aikande akishindilia udongo.

"Simamisha," alisema mama. Gari likasimama, maana heshima kwa wazee nayo ilikuwamo katika matangazo ya kampuni yake.

Bibi Ndeanansia aliinuka kwenye kigoda. Aikande alitaka kumshika mkono, akaukataa. Alitembea polepole mpaka kwenye lile isale lililolala, akainama, na kuinama kwake kulikuwa kazi ya dakika nzima, akachuma jani moja, akalifunga fundo. Kisha akamwendea mwanawe, akalishika jani kwa mikono miwili, akapiga magoti kwenye tope.

"Mama, hapana! Inuka! Mama!"

"Nimekuletea isale," alisema. "Nakuomba, baba, usamehe. Marehemu mume wangu alikosa. Alikufa, akalala mahali gari lako linapogeukia. Hakujua. Mimi nami nilikosa, nilimwonyesha mahali. Tusamehe."

Hakuna Mchaga aliyewahi kusikia jambo kama hilo, mzazi kumpelekea mwanawe isale. Majirani wawili waliokuwa wakichungulia kwenye ua waligeuza nyuso.

Anaeli hakuweza kulikataa jani, wala hakuthubutu kulipokea, maana kulipokea ni kukubali kwamba alikuwa akidai. Mwishowe alianguka naye kwenye tope, akaifunika mikono ya mama kwa yake, jani likiwa katikati.

"Dada," alisema, bila kugeuka. "Vunja."

Lakiri ilitoa mlio kama wa njugu inayobanjwa. Gari likaanza kurudi nyuma. Liliirudia njia yake vizuri sana, bila kugusa mgomba, wala halikuomba nafasi. Ngozi-nuru ilizimika kwanza dhahabu, kisha buluu, kisha kila kitu, likabaki na rangi yake ya kiwandani, na Aikande anaapa kwamba ilikuwa rangi ya ndoo ya maziwa. Viatu vya Anaeli viliondoka nalo drooni.

Lilipofika njia kuu lilipaza sauti, kihamba kizima kikasikia: "Jina la Anaeli Halvasten limefutwa katika Kitabu cha Ukoo."

Mama aligeuza sikio. "Anaeli nani?"

Aikande aliyatazama masikio ya mdogo wake yakipata joto, akaelewa. Kumbe ili uingie kwenye ukoo ule unaliacha jina lako mlangoni, pamoja na viatu. Miaka sita mtu huyu hakuwa Kiwelu popote palipoandikwa.

"Simjui, mama," Aikande alisema. "Si wa hapa."

Basi, wakala. Anaeli alikunywa kisusio bakuli mbili, miguu mitupu, ndara za sufi zikiwa zimetupwa kwa mbwa. Baadaye alichukua jembe bila kuambiwa, akachimba shimo penye kisiki, akalisimika tena lile isale lililokatwa, maana isale halihitaji mizizi, ukilichomeka tu linaota. Alilichomeka limepinda. Aikande alilinyoosha.

Jua lilikuwa la saa tisa, na inzi walikuwa wachache. Mama alisinzia kwenye kigoda chake, kidevu kifuani, jani lenye fundo bado kiganjani. Anaeli alitandika mkeka chini ya migomba, akasema anapumzika kidogo tu; akalala kinywa wazi, kama kawaida yake tangu utoto. Aikande alijilaza ukingoni mwa mkeka uleule. Hakuwa na nia ya kulala. Alikuwa ameyapanga maneno atakayomwambia mdogo wake akiamka, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililokuwa zuri. Akawa anayapitia kimoyomoyo asije akasahau. La kwanza lilihusu ndara. La pili lilihusu jina. Alipofika la tatu, lile la baiskeli ya baba, usingizi ukamchukua.