Ganzi Kwenye Ulimi wa Tobin

Kila Jumamosi, soksi zikishafuliwa, wavulana wa shule yetu ya bweni huko Vermont hukusanyika katika chumba cha kufulia kwa shughuli nzito kuliko mtihani wowote: kunyonya peremende chachu bila kukunja uso. Bweni linaloshindwa huzoa theluji kwenye milango ya mabweni yote mawili wiki nzima.

Jumamosi hiyo heshima ya bweni letu ilikuwa mdomoni mwa Tobin. Alinyonya peremende moja baada ya nyingine, uso umetulia kama wa askofu.

"Huyu si mtu, ni jiwe!" alipaza sauti rafiki yake, Emmett.

"Subirini, jiwe lenu litalia!" wakajibu wapinzani.

Halikulia. Tulimbeba juujuu. Kisha akanywa maji, na shangwe ikaishia hapo. Maji yalipita njia isiyo yake. Tobin akapaliwa, macho yakamtoka. Damu ilimchuruzika kidevuni, naye hakuihisi.

Tulimkokota hadi kwa nesi wa shule, Bi. Gagnon. Alimmulika mdomoni. Ulimi ulikuwa umechubuka vibaya.

"Umepaka nini humu?"

Tobin akatikisa kichwa. Akisema, ushindi utafutwa na bweni zima litamchukia. Akajaribu kumeza mate, akapaliwa tena, safari hii vibaya zaidi. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

"Sema, bwana! Utakufa!" Emmett alilia waziwazi. "Theluji nitazoa mimi, yote, peke yangu!"

Tobin akaingiza mkono mfukoni, akatoa kopo la dawa ya kutia ganzi meno. Lilikuwa tupu.

"Nilipaka mpaka kooni," akasema kwa ulimi mzito.

Bi. Gagnon akamwinamisha mate yatoke, akamwekea hewa ya oksijeni, akampigia daktari simu. Tukasubiri.

Hatimaye Tobin akapiga yowe. "Inachoma! Bi. Gagnon, inachoma!"

"Afadhali, ganzi inaisha," akasema nesi, akaketi kwa mara ya kwanza. "Kwenye kuta za chembe za neva zako kuna vipokezi, kama vilango vidogo. Asidi ya peremende ikizidi, hufunguka, na habari hukimbilia ubongoni: tema! Leo vilango vilifunguka vizuri tu. Dawa ndiyo iliyozuia habari isifike. Asidi ikakula ulimi huku ukishangiliwa, na koo nalo likasahau kumeza."

"Kumbe kukunja uso si uoga?" Emmett akauliza.

"Ni mwili kusema ukweli, mwanangu." Akamgeukia Tobin, akamfuta machozi. "Uliudanganya mwili wako, ukawadanganya wenzako, halafu ukataka kunidanganya na mimi. Wenzako watanuna wiki moja, basi. Lakini mimi ningekutibu vipi bila kujua ulichopaka? Ukiumia, sema kinachouma na kilichokuumiza. Hapo ndipo tunapoweza kukuokoa."