Kamba ya Ng'ombe

Boti iliondoka bila wao. Wabwile ndiye aliyeiona kwanza, ikielea hatua thelathini kutoka mwambani, tupu, na maboya yao ya kujiokolea yamelala ndani yake.

"Shemeji," alisema, "boti inaenda."

Kimaiyo aligeuka. "Inaenda wapi? Si uliifunga?"

Aliifunga, ndiyo. Na hapo ndipo penye aibu. Mwenye boti kule Kilifi aliwaambia wazi: acheni kamba ndefu, maji yatapanda. Lakini mtu wa Tongaren aliyefunga ng'ombe tangu utotoni utamfundisha kamba? Kwao kamba ni fupi, la sivyo ng'ombe anaingia kwa mahindi ya jirani, na hiyo ni kesi. Aliifunga boti kwenye jiwe kwa kamba isiyozidi mkono wake, akaipigapiga ubavuni, akaenda zake kuvua. Maji yalipojaa, boti ikavuta, jiwe likaisaga kamba mpaka ikakatika.

Walikuwa wamefuata kolekole, samaki mkali wa pwani ambaye Wabwile alimtazama kwenye simu miaka mitatu, mikono ikivua kambare mto Nzoia na moyo ukiwa baharini. Alipouza mahindi Kitale, alimshawishi Kimaiyo, kaka ya mkewe, mwalimu kule Kapsokwony, wakashuka pwani. Sasa maji yalikuwa magotini, nchi kavu iko mbali, na hakuna kati yao aliyejua kuogelea.

Kimaiyo alipiga hatua kuifuata boti, jiwe likamchana unyayo. Damu ikatanda majini.

"Rudi! Hapo mbele ni shimo!" Wabwile alimvuta, akavua shati, akamfunga mguu. "Nitaivua."

"Utavua boti?"

"Kwani nina kazi gani ingine?"

Alikuwa na ndoana moja tu iliyobaki. Nyingine zote zilimezwa na mwamba. Alirusha kwa nguvu zake zote. Ndoana ikaanguka kando ya boti, na alipoanza kuivuta, bahari ikapasuka.

Kolekole! Alikuja kama fahali aliyekata kamba, fimbo ya kuvulia ikapinda mpaka majini, na Wabwile akaburutwa hatua mbili kuelekea shimoni. Kimaiyo alimdaka mshipi wa suruali.

"Kata uzi, bana!"

"Nikikata, ndoana imeenda!"

Wakang'ang'ana. Maji yakafika kiunoni. Vidole vya Wabwile vilichubuka, mabega yakawaka, na Kimaiyo, akisimama kwa mguu mmoja, akawa anaomba kwa Kisabaoti na Kiswahili kwa zamu. Hatimaye samaki akachoka. Alikuwa mkubwa kuliko mtoto wa darasa la pili, ubavu wa fedha, jicho la hasira. Miaka mitatu! Wabwile alimkumbatia kifuani, akamchomoa ndoana. Boti ilikuwa imefika mbali.

"Nimshike?" Kimaiyo aliuliza.

"Mwache. Wewe nishike mimi." Wabwile akafungua mikono. Samaki alipiga mkia mmoja, akatoweka.

Akarusha tena. Ndoana ilipaa, ikazidi kupaa, ikatua ndani ya boti. Akavuta polepole, asipumue. Ikateleza. Ikateleza tena. Kisha ikanasa kwenye boya, na boya likakwama chini ya kiti.

"Pole pole, shemeji," Kimaiyo alinong'ona. "Pole pole, Mungu wangu."

Uzi uliomshinda nguvu kolekole haukushindwa na boti tupu. Ilikuja kichwa mbele, taratibu, maji yakiwa kifuani. Walipojitupa ndani, walilala chali wakilia wazi, watu wazima wawili wenye ndevu. "Asante," Wabwile alisema, akamwambia Mungu, akamwambia shemeji, akamwambia na yule samaki.

Wiki iliyofuata, Lenah mkewe alipiga kelele kutoka jikoni pale Tongaren. "Baba Nangila! Ng'ombe ako kwa mahindi yetu! Nani amemfunga na kamba ndefu hivi?"

Wabwile alikuwa ameketi kwenye nyasi, nchi kavu, Kimaiyo kando yake na mguu wenye bandeji. Wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Ni mimi," Wabwile akajibu. "Mwache ale."